Maswali ya Nyumbani: Kila Kitu Kiwe na Kwao

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: namna ya kuendesha nyumba yenye watoto, kazi na wageni bila kuishi katika vurugu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa yeyote atakayeielewa atakuwa amepata nusu ya majibu yanayofuata.

SWALI: Shikamoo Mama. Nina watoto wanne: mmoja yuko darasa la sita, wa pili darasa la nne, wa tatu darasa la kwanza na mdogo yuko chekechea. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu. Mimi ninafanya kazi ofisini Posta na baba yao ni fundi umeme anayerudi usiku. Tunaamka saa kumi na nusu alfajiri, na bado kila siku tunachelewa. Soksi moja haionekani, daftari halijasainiwa, funguo za geti zimepotea. Nimenunua makabati mawili ya plastiki na vikapu sita, navyo vimejaa vitu visivyojulikana. Jumamosi ninasafisha kutwa nzima, lakini Jumatatu jioni nyumba imerudi vilevile. Nikiuliza kitu kiko wapi, watoto wananijibu, "Mama ndiye anajua." Nimechoka. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hayo maneno ya watoto wako nimeyasoma mara tatu, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo tatizo lote. Nyumba yako imehifadhiwa kichwani mwa mtu mmoja. Wewe ndiye kabati, wewe ndiye saa, wewe ndiye daftari la kumbukumbu, na siku ukiugua homa nyumba nzima inapotea njia. Ndiyo maana makabati uliyonunua hayakusaidia: umeongeza mahali pa kuficha vitu, lakini hujaongeza watu wanaojua vilipo.

Nilifundisha sayansikimu kwa miaka mingi, na jambo lililowachukua wanafunzi wangu muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba usafi na mpangilio ni vitu viwili. Usafi huondoa uchafu. Mpangilio humwezesha mtu yeyote wa nyumba ile, hata mtoto wa miaka sita, kukipata kitu bila kumuuliza mwingine na kukirudisha bila kuelekezwa. Wewe usafi unao, na Jumamosi zako zinashuhudia. Unachokosa ni kwamba vitu vyako havina kwao.

Kila kitu kinapaswa kuwa na kwao, kama mtu alivyo na kwao, na kwao kitu ni pale kinapotumika, hata kama si pale panapopendeza macho ya mgeni. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote kingine, fanya jambo litakalokuwa gumu kwako: kwa siku tatu usipange kitu. Angalia tu vitu vinaangukia wapi vyenyewe. Utaona viatu vinavuliwa hatua mbili kutoka mlangoni, mabegi yanatupwa kwenye kochi la karibu, funguo zinaachwa juu ya friji. Tumezoea kuyaita hayo utovu wa adabu, na mimi pia niliwagombeza wanangu kwa ajili yake, hadi nilipotambua kwamba miguu ya watu wa nyumba inaonyesha mahali ambapo kitu kinataka kukaa. Weka makazi hapohapo. Kreti ya soda iliyosafishwa, ikiwekwa palepale viatu vinapovuliwa, itafanya kazi ambayo kabati la viatu lililoko chumbani halitaifanya kamwe. Ndoano ya funguo iwe ukutani karibu na friji. Misumari minne ya mabegi ipigwe kwa kimo cha watoto wenyewe, wa chekechea chini kabisa, kwa sababu mtoto asiyeufikia msumari ataliweka begi sakafuni, na hatakuwa na kosa. Kama mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, ubao mmoja wenye ndoano unaweza kuegemezwa ukutani.

Sasa nguo za shule, ambazo naamini ndizo zinazokuchelewesha zaidi. Acha kabati moja la watoto wote. Kila mtoto awe na ndoo au kapu lake lenye sare mbili, nguo za ndani, soksi na mkanda, na pasiwepo kitu cha mtu mwingine ndani yake. Soksi nunua dazeni ya aina moja kwa kila saizi, ili ikipotea moja isiiangamize jozi nzima, kisha tia mshono mdogo wa uzi kwenye ukingo wake: uzi mwekundu kwa mkubwa, wa bluu kwa anayemfuata, hivyo hivyo hadi kwa mdogo. Ni kazi ya jioni moja, na baada ya hapo hata wa darasa la kwanza ataweza kuzigawa soksi kutoka kwenye kamba bila kukuuliza. Sare zifuliwe Jumatano na Jumamosi. Zipigwe pasi mara tu zinapokauka, wala zisisubiri Jumapili usiku, kwa sababu umeme ukikatika usiku ule, asubuhi yako yote imeharibika kabla haijaanza.

Asubuhi ibakiwe na yale tu yasiyoweza kufanyika usiku: kuoga, kula na kutoka. Mengine yote yahamie kwenye dakika ishirini baada ya chakula cha jioni. Redio izimwe, simu ziwekwe kando, na kila mtu ashike lake. Madaftari yasainiwe, nauli zihesabiwe na kuwekwa kwenye mfuko wa begi, mabegi yaning'inizwe yakiwa yamefungwa, viazi au magimbi ya asubuhi yawe yameshamenywa na kulowekwa. Wa darasa la sita ana umri wa kuwasimamia wadogo zake, lakini asifanye kazi zao. Wavulana wafanye sawasawa na wasichana. Hili ninalisema kwa mkazo, kwa kuwa nimeona nyumba nyingi ambamo binti wa miaka kumi anamtandikia kitanda kaka wa miaka kumi na mitano, kisha tunashangaa mtu mzima wa kiume anapokosa kujua shati lake liko wapi.

Na baba yao? Anarudi amechoka, hilo ni kweli, lakini nawe pia unarudi umechoka. Usimwombe akusaidie, kwa sababu anayesaidia husubiri kuambiwa, na kama ni lazima umkumbushe, kazi ile bado iko kichwani mwako. Mkubaliane kwamba jambo fulani ni lake moja kwa moja, kuanzia kulikumbuka hadi kulimaliza. Kwa fundi umeme, ningependekeza umeme wa LUKU, yaani ule wa kulipia kabla ya kutumia, mtungi wa gesi na maji. Usimkumbushe. Gesi ikiisha maharage yakiwa jikoni mara moja, hamtakuwa mmeharibikiwa na kitu kikubwa, na haitarudia.

Makabati ya plastiki yamwagwe sakafuni, moja kila Jumamosi, wala si yote kwa siku moja. Nguo zinazowabana watoto zitolewe wiki hiyohiyo, maana mfuko wa "nitatoa baadaye" hugeuka kuwa kapu la saba. Makopo matupu ya siagi bakiza matano, sio thelathini. Kanga za kumbukumbu usiziguse. Nyumba haipangwi kwa kufuta mambo yaliyowahi kuwa humo. Kisha, kwa wiki mbili, mtoto akikuuliza kitu kiko wapi, mjibu kwa upole, "Kiko kwao," halafu unyamaze. Mara ya kwanza atakasirika. Mara ya tano atakwenda moja kwa moja.

SWALI: Mimi ni baba wa familia, mtumishi wa umma hapa Mwanza. Mwaka huu tulipokwenda kumwandikisha mtoto darasa la kwanza, tulitafuta cheti chake cha kuzaliwa kwa siku nne, tukakikuta ndani ya begi la safari kikiwa kimelowana. Tuna karatasi kila droo. Zipangwe vipi?

JIBU: Ndugu yangu, siku nne kwa karatasi moja ni nyingi, lakini mmebahatika kuwa mmekipata. Karatasi za nyumbani zina tabia mbili ambazo vyombo na nguo hazina: hazihitajiki kwa miaka, halafu zinahitajika zote kwa siku moja. Ndiyo maana haifai kuzitawanya kwenye droo zinazofunguliwa kila siku. Ziwe katika mkoba mmoja wenye zipu, na ndani ya mkoba kila mtu awe na bahasha yake ya plastiki yenye jina. Humo viingie cheti chake cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), kadi ya kliniki yenye rekodi ya chanjo, matokeo ya shule na kadi ya bima. Bahasha yenu wazazi iwe na cheti cha ndoa, hati au mkataba wa nyumba, vyeti vya masomo na namba za utambulisho. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na sijakutana na mtu mwenye hakika kwamba ataikumbuka yote siku ya haraka, kwa hiyo iandikwe. Mkoba ukae juu, mbali na sakafu na mbali na ukuta unaopitisha maji wakati wa mvua, na wote wawili mjue ulipo. Ninasisitiza wote wawili, kwa sababu nimewahi kukaa na mjane aliyekuwa anatafuta karatasi za marehemu mumewe huku msiba haujamalizika, na sitaki mwanamke mwingine yeyote apitie hali ile.

Mtakapokuwa mnapanga, fanyeni jambo moja ambalo watu hulisahau: zisomeni. Tandazeni karatasi zote za mtoto mmoja mezani na mlinganishe majina, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Cheti kikisema Mohamed na shule ikaandika Muhammad, leo halionekani kuwa jambo kubwa, lakini miaka kumi na miwili baadaye, atakapokuwa anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na cheti chake kinahitaji kuhakikiwa na RITA, herufi hizo zitamgharimu safari, viapo na pengine muda wa mwisho wa maombi. Kusahihisha jina mtoto akiwa darasa la kwanza ni rahisi zaidi kuliko akiwa kidato cha sita.

Pigeni picha ya kila karatasi na kuihifadhi katika simu mbili tofauti. Picha haichukui nafasi ya karatasi halisi, lakini hurahisisha kuomba nakala iwapo karatasi itateketea au kuibiwa. Risiti za kila siku zisiingie katika mkoba huu kabisa. Hizo zina kopo lake jikoni, ambalo hupekuliwa na kupunguzwa kila mwisho wa mwezi. Na namba ya mita ya umeme, ile yenye tarakimu 11, iandikeni kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati la jikoni.

SWALI: Assalaam alaykum bibi. Nimeolewa mwaka wa pili sasa, twaishi Kisauni, Mombasa, pamoja na mavyaa wangu, mawifi wawili na watoto wao. Jiko ni moja na sote twapikia humo. Mchele waingia fukusi kila mwezi, viungo vyanunuliwa mara mbili kwa kuwa hakuna ajuaye kilichopo, na mafuta ya taa yawekwa ndani ya chupa za soda. Nataka kulipanga jiko lakini naogopa kuonekana nimekuja kuwatawala. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Naanza na mafuta ya taa, kwa kuwa hayo hayasubiri mashauri. Chupa ya soda ni chombo ambacho mtoto amefundishwa tangu mdogo kwamba kina kitu kitamu, na kwenye joto la Mombasa mtoto mwenye kiu hanusi kwanza. Leo hii mafuta yahamishiwe kwenye dumu lenye mfuniko wa kukaza, liwekwe mahali pa juu nje ya jiko, mbali na moto. Ikitokea mtoto ameyanywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta yakipanda tena huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko yanakoleta hatari kubwa. Apelekwe hospitali mara moja. Hata dawa ya kufulia nguo isitiwe kwenye chupa za maji ya kunywa. Jambo hili mwambie mavyaa wako waziwazi, kwa sababu ni wajukuu zake, na hakuna bibi atakayekuona umekosa adabu kwa kuwalinda.

Kwa mengine, nenda kwa zamu na kwa heshima. Jiko lile lilikuwa na mpangilio kabla hujafika, hata kama wewe huuoni. Huenda sufuria iko pale kwa sababu mkono wa mavyaa hauinuki juu tena. Siku mkiwa wawili mwachambua mchele, mwulize alivyokuwa akiweka vitu alipokuwa kijana, na umsikilize hadi mwisho. Kisha mwombe rafu moja tu, ya viungo, na uipange ukiwa pamoja naye: bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga katika makopo yanayoonyesha kilichomo, na kila kopo liwe na karatasi yenye jina. Rafu ile ikikaa sawa kwa mwezi mzima na fedha za viungo zikapungua, mawifi zako wenyewe watauliza kuhusu rafu ya pili.

Fukusi hawaji kwa uchafu wenu, kama wengi wanavyodhani. Jike hutaga mayai ndani ya punje yenyewe, kwa hiyo mara nyingi mnawaleta kutoka dukani bila kuwaona. Kosa linalowaendeleza ni kumimina mchele mpya juu ya uliobaki. Mchele wa zamani umalizwe kwanza, chombo kioshwe, kianikwe juani hadi kikauke kabisa, ndipo mpya uingie. Mnunue wa wiki tatu au nne badala ya gunia, isipokuwa Ramadhani ikikaribia, na muuhifadhi katika ndoo yenye mfuniko unaokaza. Majani makavu ya mwarobaini ambayo wazee wetu huyatia ndani ya nafaka ni desturi nzuri, lakini hayatasaidia chombo ambacho chini yake kuna vumbi la mchele wa mwaka jana.

SWALI: Naandika kutoka Dodoma. Huyu ni dada wa kazi wa tatu mwaka huu. Namwelekeza asubuhi, jioni nakuta nusu haijafanyika. Anasema amesahau. Nitampataje dada anayekumbuka?

JIBU: Dada yangu, watu watatu tofauti wakisahau katika nyumba moja, tazama maelekezo kabla ya kutazama watu. Maagizo kumi yanayotolewa kwa haraka mlangoni, huku ukitafuta viatu vyako, hayawezi kukaa kichwani mwa yeyote. Kaa naye Jumapili kwa nusu saa, mkubaliane kazi za kila siku na kazi ya siku moja moja, ziandikwe na kubandikwa jikoni. Kama hasomi vizuri, mchoreeni. Mpe mambo machache ambayo lazima yafanyike, na ukubali mengine yangoje. Binti anayebaki na mtoto mchanga kutwa nzima tayari anafanya kazi kubwa. Tena apumzike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na dada wa nyumbani ni mfanyakazi.

SWALI: Mimi ni mstaafu, ninaishi Kimara na mke wangu na wajukuu watatu. Kwetu maji hutoka mara mbili kwa wiki, hivyo ukumbi umejaa mapipa, ndoo na madumu. Tunajikwaa, na mbu wamezidi. Tuyapange namna gani?

JIBU: Habari za siku, mzee mwenzangu. Maji yana haki ya kuwa na kwao kuliko kitu kingine chochote nyumbani, kwa kuwa yakiwekwa vibaya huleta madhara. Yagawanyeni kwa matumizi: madumu ya kunywa na kupikia yakae jikoni juu ya kibao, yasiguse sakafu, na yasichotwe kwa kikombe chochote kilichoko karibu, ya kuoga na chooni yakae upande wa bafu, pipa kubwa libaki nje chini ya paa iwapo ua wenu una usalama. Ukumbi utabaki wazi. Kila chombo kiwe na mfuniko unaokaa vizuri, na hapa ninawafikiria kwanza wajukuu, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo moja akiinama na kichwa kikamwelemea.

Kuhusu mbu, yule anayeeneza homa ya dengi, ambayo iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji ya namna hiyohiyo, yaliyohifadhiwa majumbani, na huuma mchana. Mayai yake hunata kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri kuloweshwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta lazima usuguliwe kwa brashi, na kwa kuwa yai huchukua takriban wiki moja kuwa mbu kamili kwenye joto letu, kazi hiyo isipite siku saba. Ifanyeni jioni ya kuamkia siku ya maji, mapipa yakiwa karibu tupu. Mjukuu mkubwa ashike brashi na wewe ushike tochi, mwanzie kwenye ukingo wa juu, hapo ambapo mkono hauzoei kufika.